Faili Lililoanza kwa Nukta

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini watu waliwajua vizuri. Walimwona mgonjwa anayefunika kidonda kwa nguo safi, akacheka na wenzake na kuapa kwamba ni mzima, na mwisho wake wakauona pia. Wakasema aibu anayoikimbia mtu wa namna hiyo haipotei njiani. Humsubiri, na ikifika hufika na mashahidi. Wao walisema juu ya maradhi ya mwili. Mimi nitasimulia maradhi ya aina nyingine, yaliyokuwa ndani ya mashine moja ndogo juu ya ukuta wa bwawa, na aliyeyaficha hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha kila nikiikumbuka habari hii.

Ofisi ya bwawa ilikuwa na vyumba vinne kwenye korido moja nyembamba. Cha kwanza kilikuwa cha meneja, cha pili cha opereta wa milango ya maji, na cha tatu kilikuwa karakana ya fundi wa kompyuta. Katika chumba cha mwisho, chenye dirisha lisilofunga vizuri, alikaa msichana aliyeandika programu za ofisi. Wenzake walimwita Chapchap, kwa kuwa kazi ya kutwa yeye aliimaliza kabla chai haijapoa. Alikuwa kwenye mkataba wa majaribio wa miezi sita, na katika miezi mitano iliyopita hakuna aliyemsikia akiomba msaada. Sifa hiyo aliilinda kama mboni ya jicho.

Kazi yake kubwa ilikuwa programu ya king'ora. Kilomita tatu chini ya bwawa mto ulikuwa na mchanga mzuri, na wanaume kumi na watano walishinda humo kila siku wakichimba. Bwawa likijaa, milango hufunguliwa, na maji huchukua dakika tisa kuwafikia. Zamani mtu alitumwa kwa pikipiki akawapigie kelele watoke. Siku hizi palikuwa na mlingoti wenye king'ora ukingoni, na programu ya Chapchap ndiyo iliyokiamuru kilie kabla milango haijaguswa.

Mmoja wa wachimbaji hao alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, na wenzake walimtania kwamba hata kobe humpita akimsalimia. Siku mlingoti uliposimikwa, Chapchap alimuuliza anahitaji dakika ngapi kutoka mtoni.

"Nikitoka na vifaa vyangu, dakika ishirini," mjomba alisema. "Nikiacha sepetu na karai, kumi. Chini ya kumi, mama, hili goti litataka kwanza tufanye kikao."

Walicheka wote wawili. Chapchap akaandika ishirini kwenye mipangilio ya programu. Kisha akampiga picha mjomba akiwa ameegemea mlingoti, na kibandiko chenye namba ndefu ya king'ora kikaonekana juu ya bega lake.

Mipangilio hiyo aliiweka wapi? Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Katika mashine za aina ile, kila mtumiaji ana nyumba yake, yaani folda kubwa ya vitu vyake vyote. Ndani ya nyumba hiyo imetengwa folda moja kwa ajili ya mipangilio tu, na kila programu inatakiwa iweke ya kwake humo. Si sheria ya serikali. Ni desturi waliyokubaliana watu wa kazi hiyo ili wasisumbuane. Fundi wa kompyuta pale ofisini, mzee aliyebakiza miezi mitatu astaafu, aliiita folda hiyo kabati, na aliihubiri sana hata mwenyewe akabatizwa jina la Mzee Kabati.

"Programu ni mgeni ndani ya nyumba ya mtu," alizoea kusema. "Mgeni mstaarabu anaweka nguo zake kabatini. Hatupi soksi chini ya kochi, halafu siku ya kuhama ategemee mwenye nyumba azikumbuke."

Utani huo ulikuwa na kazi yake. Mashine ikichakaa, Mzee Kabati alinakili kabati peke yake kwenda kwenye mashine mpya, na mengine yote aliyafuta, maana nyumba ya kompyuta hujaa takataka kuliko stoo. Chapchap aliyajua hayo. Lakini alipoanza kuandika programu, katika haraka za siku za mwanzo, aliiacha mipangilio yake sebuleni, nje ya kabati, kwenye faili ambalo jina lake lilianza kwa nukta. Faili la namna hiyo halijitokezi kwenye orodha ya kawaida, mpaka uombe kuonyeshwa na yaliyofichika. Kabati lenyewe nalo huanza kwa nukta, ila lile kila mtu anajua lilipo. Hili la Chapchap alilijua yeye tu. Alikusudia kulihamisha kesho yake, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Na kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi. Ili aweze kuijaribu programu mezani bila kuwatia watu kiwewe, aliipa agizo kwamba isipoliona faili la mipangilio, ijue iko kwenye majaribio. Isilize chochote. Iandike tu kwa rangi ya kijani, dakika zile zile ishirini kabla ya milango, kwamba king'ora kimelia. Agizo hilo nalo hakuliondoa.

Siku ya Jumatatu Mzee Kabati alipita chumba hadi chumba na kalamu sikioni. Alisimama kwenye mlango wa Chapchap, na nyuma yake akasimama meneja na kikombe chake cha chai, akisikiliza.

"Alhamisi nabadilisha mashine ya king'ora," mzee alisema. "Ile ya sasa inakohoa tu. Kuna chako chochote nje ya kabati?"

Chapchap aliyainua macho. Mwezi uliotangulia mpima maji alikosea tarakimu moja, na meneja alimsimamisha mbele ya kikao, akamfanya alisome kosa lake kwa sauti mara tatu. Mpima maji alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na sauti yake ilitetemeka. Picha hiyo ilimjia Chapchap yote kwa mara moja, pamoja na tarehe ya mwisho wa mkataba wake.

"Hakuna, mzee."

"Hakuna kabisa?"

"Kila kitu kipo kabatini."

"Ndiyo maana nampenda huyu mtoto," Mzee Kabati alimwambia meneja, na wakaenda zao.

Chapchap alijituliza. Kulihamisha faili lile ilikuwa kazi ya nusu dakika. Angeifanya Jumatano mchana, watu wakiwa kwenye chakula, na Alhamisi mzee angelikuta kabatini kana kwamba limezaliwa humo. Jumanne alitumwa kituo cha kupimia mvua, mbali juu ya mto, akalala huko huko. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri bila kupumzika, na yeye akaitazama kupitia dirishani bila kuifikiria.

Jumatano alirudi ofisini saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi, viatu vikiwa vimelowa. Alipopita karakana aliona mashine ndogo ya kijivu juu ya meza, imefunguliwa tumbo. Aliifahamu kwa mkwaruzo wake wa ubavuni.

"Mzee, hiyo si ya king'ora?"

"Ndiyo yenyewe, Mungu ailaze pema," Mzee Kabati alijibu bila kugeuka. "Mvua imetuharakisha, meneja akaniambia nisisubiri Alhamisi. Mpya iko kazini tangu jana jioni. Na leo saa nne kamili wanafungua milango, bwawa limefika shingoni."

"Na diski yake?"

"Naisafisha. Imepita nusu." Mzee aligeuka, akatabasamu. "Programu yako imeamka yenyewe, kijani kibichi. Kukiliza king'ora bila kuwatangazia watu jana yake haturuhusiwi, unajua. Lakini skrini yako ikisema tayari, mimi naiamini."

Chapchap alikwenda chumbani kwake, akakaa mbele ya kompyuta yake na kuifungua skrini ya king'ora. Pale palikuwa na mstari mmoja wa kijani: King'ora kiko tayari. Mtu mwingine yeyote angeuona akafurahi. Yeye aliuogopa kama mtu anayemwona marehemu akimchekea.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na nusu. King'ora kilipaswa kulia baada ya dakika kumi. Kutoka kitini kwake mpaka mlango wa meneja zilikuwa hatua kumi na nne. Angetembea hatua hizo na kusema, "Msifungue, nimekosea," basi. Milango ingebaki imefungwa, naye angesimamishwa mbele ya kikao na kusoma kosa lake mara tatu. Aliinuka nusu. Akamsikia meneja akicheka na mtu kwenye simu, kicheko kikubwa cha mtu ambaye asubuhi yake inakwenda vizuri, na akakaa tena.

Nitaliandika faili upya, alijiambia. Ni dakika tano tu. Hakuna atakayejua.

Aliandika ishirini. Hiyo aliikumbuka. Namba ya king'ora, tarakimu kumi na sita, hakuikumbuka, na nakala aliyokuwa nayo ilikuwa kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Alijaribu kuiandika kwa kukisia, akaifuta, akaandika tena. Saa tatu na dakika arobaini kamili mstari mpya ulitokea kwenye skrini, wa kijani: King'ora kimelia.

Aliinua kichwa, akasikiliza. Siku za kawaida sauti yake ilifika pale kwa mbali, nyembamba kama ya mbu. Sasa palikuwa na upepo peke yake.

Alichukua simu, akampigia mjomba. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alijua vizuri kwa nini haipokewi, na bado alipiga. Wachimbaji hawaingii mtoni na simu. Huzifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuzitundika mtini pamoja na mashati, juu ya ukingo. Mlio wa simu yake ulikuwa unayaimbia mashati. Aliendelea kupiga kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukipekua picha za zamani, moja baada ya nyingine, sherehe, viatu, risiti, paka wa jirani.

Saa tatu na dakika hamsini opereta wa milango alichungulia mlangoni, akiwa tayari amevaa koti la mvua. Alikuwa mtu mwangalifu, asiyependa kugusa swichi kabla hajauliza mara mbili.

"Chapchap, kimelia? Mbona sijakisikia?"

Hii ilikuwa mara ya mwisho ambayo mtu mwenye swichi alimwekea mlango wazi. Ilibaki ajibu neno moja tu. Alimtazama yule bwana, akaitazama skrini.

"Skrini inasema kimelia saa tatu na arobaini," alisema.

"Basi ni huu upepo," opereta alisema, akaondoka.

Kila neno alilosema Chapchap lilikuwa kweli, na hakuna uongo mkubwa kuliko ule uliowahi kusemwa kwenye korido ile. Alijua. Alizipekua picha tatu tatu, kisha mjomba akatokea, ameegemea mlingoti, meno yote nje. Chapchap aliivuta picha mpaka uso ukaondoka na kibandiko kikabaki. Akazinakili tarakimu kumi na sita, moja moja. Akaagiza faili liandikwe kwenye mashine mpya, na mashine mpya ikamkataa. Ilitaka nywila asiyoijua.

Alijikaza kisabuni, akaenda karakana.

"Mzee, naomba uniingize kwenye mashine mpya. Nataka kutazama kitu kidogo."

Mzee Kabati aliifungulia njia kompyuta ya Chapchap, akaandika nywila kwa vidole viwili, polepole, akitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Kisha akamtazama usoni.

"Mbona unatetemeka hivyo? Unaumwa?"

"Homa tu, mzee. Mvua ya jana."

"Usiifiche homa. Nenda kapime."

"Nitakwenda."

Alirudi akikimbia kwa vidole vya miguu. Aliliandika faili pale pale mahali pa zamani, nje ya kabati, likianza kwa nukta, maana hakukuwa na muda wa kuirekebisha programu ilitafute pengine. Faili likakubali saa tatu na dakika hamsini na nane. Lakini programu ile ilisoma mipangilio wakati wa kuamka tu, kwa hiyo ilibidi izimwe na kuwashwa upya, na mashine mpya ilichukua muda wake. Mshale mdogo ulizunguka kwenye skrini. Saa nne kamili sakafu ilitikisika kidogo, na maji ndani ya glasi yake mezani yakafanya viduara. Milango ilikuwa imefunguka.

Saa nne na dakika tatu programu iliamka, ikaona muda umepita, na kwa mbali king'ora kikalia.

Chapchap aliyafumba macho. Maji yalihitaji dakika tisa, na tatu zilikwisha pita. Zilibaki sita. Mjomba alikwisha mwambia yeye mwenyewe kwa mdomo wake, huku wakicheka, kwamba chini ya kumi goti lingetaka kikao.

Watu kumi na wanne walitoka mtoni siku ile, wengine wakiburuzwa na wenzao. Wa kumi na tano alipatikana alasiri, kwenye matete ya kona ya pili, bila sepetu na bila karai. Alikuwa ameviacha kama alivyosema angefanya.

Siku zilizofuata Chapchap aliishi kama mwizi ndani ya ngozi yake. Msibani watu walimwona hali, halali, hajibu akisalimiwa, wakasema maskini, alimpenda mjomba wake. Ni kweli alimpenda. Lakini machozi hayakumtoka hata tone, kwa sababu hofu ilikuwa imekaa mahali pote pa huzuni. Kila hodi ilimshtua. Kila aliyemtazama kwa zaidi ya sekunde moja alimwona kama anayejua. Alihesabu mashahidi wake na kuwaona wachache: faili lililofichika, na diski iliyokwisha safishwa. Hakuna mtu, alijiambia. Hakuna.

Siku ya pili ya msiba aliingia chumba cha mjomba kuchukua mkeka, akauona mfuko wa nailoni umetundikwa kwenye msumari, juu ya shati. Ndani yake mlikuwa na simu.

Aliisogelea. Maji hayakuigusa, maana ilikuwa juu ya mti. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mfuko pale mke wa mjomba alipoingia.

"Iache tu, mama," yule mjane alisema kwa upole. "Imekwisha chaji. Nikitulia nitaiwasha, kuna picha zake humo."

Tangu saa hiyo Chapchap hakuogopa tena hodi. Aliogopa umeme.

Kikao cha uchunguzi kilikaa Jumatatu, kwenye chumba cha meneja, viti vikiwa havitoshi. Opereta alieleza kwamba skrini ilisema king'ora kimelia saa tatu na arobaini, na masikio yake yakasema kimelia saa nne na dakika tatu. Meneja hakutafuta mbali. Mashine ilikuwa mpya, na aliyeiweka alijulikana.

"Mzee, simama," alisema. "Uliacha nini kwenye mashine ya zamani?"

Mzee Kabati alisimama. Mikono yake, ambayo Chapchap aliizoea ikiwa imeshika bisibisi, haikuwa na cha kushika.

"Nilinakili kabati lote," alisema. "Niliuliza kila mtu kabla, nikaambiwa hakuna kitu nje. Kama nimekosea mahali, sijui ni wapi. Siku tano nimetafuta, sijapaona. Mtu amekufa, meneja. Kama ni mimi, niambieni ni mimi."

Miezi mitatu ya kustaafu ilikuwa inamtoka mzee yule mbele ya macho ya wote, na heshima ya miaka thelathini pamoja nayo. Chapchap alikaa pembeni. Sema, alijiambia. Sema sasa. Akafumbua mdomo, na hofu, ambayo kwa siku tano aliilisha vizuri, ikaufunga.

Hapo mlango ukagongwa. Mke wa mjomba aliingia, amejifunga kanga mpya ya mfiwa, na mkononi ana mfuko wa nailoni. Walitaka kumpa kiti, akakataa.

"Sitakaa. Nimekuja na swali moja tu," alisema, akaiweka simu mezani, skrini yake ikiwaka. "Mimi kompyuta sijui. Ila saa najua kuisoma. Humu mna simu kumi na saba ambazo marehemu hakuzipokea, na zote zimetoka kwa mtu mmoja. Ya kwanza ni saa tatu na dakika arobaini na moja." Akageuka taratibu mpaka akamwona alipokaa. "Mwanangu, king'ora kililia saa nne na tatu. Wewe saa tatu na arobaini na moja ulikuwa unajua nini?"

Mzee Kabati alimtazama Chapchap kwa muda mrefu, na polepole uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka alikoacha kitu. Aliivuta kompyuta ya meneja, akaingia kwenye mashine ya king'ora, akaiambia imwonyeshe kila kilichomo ndani ya nyumba, na yaliyofichika pia. Faili lilikuwa pale sebuleni, limeanza kwa nukta. Pembeni yake kulikuwa na saa lilipozaliwa: saa tatu na dakika hamsini na nane, siku ya Jumatano.

"Ulikuja karakana kwangu," mzee alisema. "Nikakuuliza kama unaumwa."

"Nilisema homa," Chapchap alijibu. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Na Jumatatu ile nilikuuliza. Mlangoni kwako. Ungeniambia tu, 'Mzee, nimeacha kitu sebuleni.' Ningekucheka kidogo, tukakihamisha pamoja, tukanywa chai."

Chapchap alisimama bila kuambiwa. Akasema yote, tangu nukta ya kwanza: faili, agizo la kijani, jibu alilompa mzee, jibu alilompa opereta, hatua kumi na nne ambazo hakuzitembea. Hakuna aliyemlazimisha kurudia mara tatu. Meneja hakuinua sauti. Aliitazama meza tu, labda akimkumbuka mpima maji. Alipomaliza, Chapchap alimgeukia mke wa mjomba akitaka kuomba msamaha, na ndipo machozi yaliyokataa siku tano yalipomwagika.

Yule mjane alikuwa anaitazama picha kwenye simu, ile ya mlingoti. Chapchap alikuwa amemtumia mjomba siku ile ile waliyoipiga.

"Alikuwa anawaonyesha watu wote hapo mtoni," alisema. "Akiwaambia, huyu mtoto ameniwekea dakika ishirini, kwa ajili ya goti langu."

Aliizima simu, akairudisha ndani ya mfuko wake, akatoka bila kumgusa wala kumsukuma. Korido ile nyembamba ilibeba sauti ya ndara zake mpaka mwisho.

Wazee walipotunga msemo wao huenda walidhani kwamba kifo kinachomfichua mtu ni chake mwenyewe. Chapchap yu hai mpaka leo, na angetamani wangekuwa wamesema kweli kwa maana hiyo. Kifo kilichomtoa nje kilikuwa cha mtu aliyemwamini, na hilo halikuipunguzia methali uzito hata chembe: mficha maradhi, kifo humuumbua.